Kamba wa mapambo na samaki tangi moja: mimea kwanza, kamba wafuate, samaki ndo mwisho

Swali linalokuja kila siku ni samaki gani hawali kamba, na jibu lake fupi tu, karibu hakuna. Samaki yeyote ambaye kamba anamuenea mdomoni atamla, na kamba cheri akizaliwa ana kama milimita 2 hivi, kwahiyo hata samaki mdogo kama neoni unayemuona mpole anamtosha kabisa kwa kitafunwa. Cha kujiuliza ni utapangaje tangi ili wanaoliwa wawe wachache kuliko wanaozaliwa, na hapo kazi yote iko kwenye mpangilio wa kuingiza vitu, yaani nani anatangulia. Wengi tunaenda kinyume, tangi lina samaki wa gapi 30 tangu mwaka jana, halafu unadondosha kamba 10 wa bei mbaya, kesho yake unazunguka kioo pande zote nne humuoni hata mmoja.

Kwa anayeanza chukua cheri, jina la kitaalamu Neocaridina davidi, asili yake China na Taiwan. Porini ni wa rangi ya kahawia hivi, kama maji ya mtaro, huo wekundu ni watu wamechagua na kuchagua mpaka wakaupata. Bluu, njano, machungwa, wote ni yuleyule, kwahiyo ukiwachanganya wanazaana na baada ya vizazi vichache unabaki na kahawia yako ya bure. Chagua rangi moja. Wapo pia amano, hao wanafika mpaka sentimita 5, wanakula mwani balaa na samaki wadogo hawawasumbui, ila watoto wao hawakui mpaka wapate maji ya chumvi, kwahiyo kwenye tangi hawaongezeki. Kristali wa mistari mieupe waache kwanza, wanataka maji ya baridi na laini, kwa joto la Dar ni kuwatesa tu.

Tangi lita 60 linatosha kuanzia. Weka mchanga wa mtoni uliooshwa (wa baharini hapana, una chumvi), panda, washa filta, liache wiki 4 hadi 6 bila kiumbe. Najua inauma kuangalia maji matupu mwezi mzima lakini bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti halafu nitreti wanahitaji huo muda, na kamba hana uvumilivu wa amonia kama gapi. Mmea namba moja ni mosi ya Java, na isiwe kijishada kimoja cha urembo pembeni, jaza kona nzima iwe nene kiasi kwamba ukichomeka kidole hukioni. Humo ndo chumba cha watoto. Ongeza anubia juu ya gogo na mimea ya kuelea yenye mizizi mirefu, maana watoto wanapanda mpaka kwenye mizizi kutafuna ule utando unaoota juu yake. Mimea ya kuokota mabwawani au kwenye majaruba ya mpunga mi siishauri, inaweza kuja na dawa za shambani, na inaweza kuja na mtoto wa kereng'ende, yule anakaa kimya kwenye majani anakula kamba mmoja mmoja na wewe unawalaumu samaki.

Filta iwe ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Hizi za kuning'iniza zinanyonya watoto, kama ndo unayo funga soksi nyembamba ya kike kwenye mdomo wake. Na pampu ya betri iwe karibu, umeme ukikatika saa 8 mchana joto likiwa 31 oksijeni inashuka haraka, utawaona kamba wote wamepanda juu kwenye uso wa maji.

Maji sasa. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku 1 au 2 klorini itoke, au tumia dawa ya kuitoa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, pima kwa kile kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kinachofanana na kalamu, cheri wanakaa vizuri kati ya 150 na 300. Nairobi ni kinyume, maji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, madini machache, kamba anashindwa kujivua gamba, unamkuta ana pete nyeupe shingoni na amekufa hivyohivyo. Dawa yake rahisi: ule mfupa wa ngisi mweupe, mwepesi, unaookotwa ufukweni, uloweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha, halafu tumbukiza kipande. Na ukiona gamba tupu chini usishtuke ukadhani maiti, liache, wenyewe wanalila.

Siku ya kuwaleta usiwamwage. Nenda famasi nunua mrija wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubana, upande mmoja tangini upande mwingine kwenye bakuli walimo kamba, acha matone 2 kwa sekunde mpaka maji ya bakuli yaongezeke mara tatu, saa moja na nusu hivi. Anza na 15 au 20. Halafu kaa kimya miezi 3, usiweke samaki. Utaanza kuona jike ana mayai chini ya tumbo, anayapepea kwa vile vimiguu vya nyuma bila kupumzika, 20 hadi 30 hivi, atayabeba wiki 3 au 4. Ukifika wakati unamulika tochi usiku na huwezi kumaliza kuhesabu, hapo tangi liko tayari kwa samaki.

Samaki gani? Otosinklasi ndo salama kuliko wote, mdomo wake ni wa kulamba mwani tu. Rasbora wale wadogo kabisa na koridora kibete ni wa pili. Gapi na neoni wanaruhusiwa kama mosi ni nene, watakula watoto lakini kundi litaendelea. Beta ni bahati nasibu, kuna mmoja anakaa nao mwaka mzima na mwingine anamaliza wote wikiendi moja. Enjeli, goldifishi, oskari, na hawa wa mawe wa Ziwa Nyasa, usijaribu hata kidogo. Lisha samaki kwanza upande mmoja, washibe, ndo utupe chakula cha kamba upande wa mosi.

Chakula chenyewe ni rahisi. Majani ya mkungu yaliyojidondokea yakakauka, Ulaya watu wanayanunua kwa pakiti na sisi tunayafagia uani. Osha, tupa moja tangini, litazama lenyewe baada ya siku mbili, utawakuta wamelivamia mpaka linabaki mishipa tu kama wavu. Mchicha uliochovywa maji ya moto dakika moja nao mzuri, ila usiwe wa kupuliziwa dawa, na kilichobaki kesho yake toa.

Sasa kilichoniua mimi siyo samaki. Alikuja jamaa wa kupulizia dawa ya mbu nyumbani, nikafunika tangi kwa kanga nikajiona mjanja, nikasahau pampu ya hewa iko chini sakafuni inanyonya hewa ileile ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Saa kumi jioni kamba wanaruka ruka kama wameunguzwa, wanazunguka kichwa chini, asubuhi zaidi ya 80 wamelala wamegeuka pinki kama wa kuchemsha. Gapi wote wazima, wanawala. Dawa za mbu kamba anazihisi kabla ya samaki, kwahiyo siku hiyo hamisha pampu nje kabisa, na ukijipaka mafuta ya mbu usiingize mkono tangini. Hivyohivyo na dawa za magonjwa ya samaki, nyingi zina shaba na shaba ni sumu kwa kamba, mtibu samaki kwenye ndoo yake.

Wakizidi uza au gawa, mtoni usimwage. Ujerumani kuna kijito kinaitwa Gillbach kinachopata maji ya moto ya mtambo wa umeme, cheri wameshajijengea makazi humo, sembuse huku kwetu ambako joto lipo bure. Na Ziwa Victoria lina kamba wake, Caridina nilotica, ukichambua dagaa wa Mwanza kwa makini unaweza kumkuta humo katikati, kakauka, mdogo kama kipande cha kucha.