Jinsi ya kuona kelele zikirusha mfumo wenye uchelewaji, kwa laptopu yako tu

Kama una laptopu yenye Python hii kitu unaiona kwa macho yako jioni moja tu. Fikiria gololi kwenye bati lenye mabonde mawili, imetulia bonde la kulia, we unalitikisa bati kidogokidogo, itakaa humo mda mrefu alafu ghafla mitikisiko inasukumana upande mmoja na gololi inavuka kilima. Hiyo mitikisiko ndo kelele.

Sasa kodi. x ni mahali gololi ilipo, mabonde yako -1 na +1. Kwenye lupu, kila hatua ya mda dt=0.01 ongeza kwenye x (x - x^3 + e*xz)*dt, alafu ongeza kelele, yaani namba ya nasibu ya Gauss (wastani 0, mtawanyiko 1) mara kipeuo cha pili cha 2*D*dt. D ni nguvu ya kelele, e ni nguvu ya zamani kuivuta gololi ya sasa. Kipeuo jamani! wengi wanazidisha na dt tupu, kelele zinakufa na gololi haitoki. xz ni x ya zamani, ndo uchelewaji wenyewe, ya mda 100 uliopita, hatua 10,000 nyuma, kwahiyo tunza thamani zote kwenye orodha, na historia ya mwanzo ijaze 1.

Anza na e=0. Kwa hesabu ya mwanafizikia Kramers ya 1940, D=0.1 gololi inaruka wastani kila mda 54 hivi, D=0.07 kila 158, D=0.05 inafika kama 660! Kelele umepunguza nusu tu. Na miruko yenyewe haina mpangilio kabisa.

Alafu weka e=-0.2 na D=0.07, hapa ndo patamu. Gololi ikisharuka, xz bado ni ya bonde la zamani, na kwa sababu e ni hasi inaishikilia kule ilikohamia, kilima kinakua kirefu. Mda 100 ukiisha xz inageuka, kilima kinashuka, kelele kidogo tu imeruka. Utaona inaruka karibu kila 120, kama saa vile, japo hakuna saa yoyote ndani.

Ukihesabu miruko usihesabu kila x ikipita 0, gololi inachezacheza pale juu, subiri ipite 0.5 upande wa pili.

Ukishazoea jaribu e=+0.2 na D=0.15, safari hii xz inaivuta irudi ilikotoka, kwahiyo mara nyingi inarudi kabla hata 100 haijaisha.