Mfereji kwanza, fomula baadaye

Mwanafunzi wa uhandisi anayenyamaza darasani mara nyingi amezoea tu kwamba jibu litatoka kwa mwalimu, basi anasubiri anakili. Kwa anayefundisha haidroliki (elimu ya mwendo na nguvu ya maji) Moshi, pa kuanzia ni mifereji ya Wachaga inayoshuka Kilimanjaro.

Kabla ya fomula yoyote, uliza: maji ya mfereji wenye upana wa sm 60 na kina cha sm 30, yakianguka mita 20, yataendesha nini? Taa chache, pasi moja, au mashine ndogo ya kusaga? Kila mmoja aandike jibu na sababu, dakika 2, kimya. Hatua hii usiiruke: ukiuliza kwa mdomo watajibu wale wale wawili wa mbele, na darasa zima litajificha nyuma yao.

Hesabu mikono. Waliopatia wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili, wape dakika 3 wabishane na jirani mwenye jibu tofauti, kisha wapige kura upya. Mwanafizikia Eric Mazur alianza kufundisha fizikia namna hii Harvard mwaka 1991. Wakiwa wachache zaidi, fafanua kwanza. Na waache wabishane kwa Kiswahili. Kiingereza kisubiri ripoti.

Halafu nendeni mkapime, baada ya kuomba ruhusa kwa wasimamizi wa mfereji. Makundi yawe ya watu 4: wa futi, wa saa, wa chupa, wa kuandika. Kundi la watu 8 lina watazamaji 4. Pimeni mita 10 zilizonyooka, muache chupa iliyojaa maji nusu ielee (jani hupeperushwa na upepo), mara 5, mchukue wastani. Ikitumia sekunde 20, kasi ni 0.5 m/s. Kwenye saruji zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu huyapita yanayosuguana na kingo; kwenye mawe na magugu kizidisho hushuka.

Upana kwa kina kwa kasi kwa kizidisho: 0.6 × 0.3 × 0.5 × 0.85 = 0.0765 m³/s. Zidisha kwa 9.81 (mvutano wa dunia) na kwa 20 (mita za anguko): kW 15. Kwa ufanisi wa asilimia 60 zinabaki kW 9, yaani mashine ya kusaga.

Majibu ya makundi yatapishana. Usikimbilie kusahihisha, waulize walipima kina wapi. Kwa kawaida kosa liko hapo: wamepima sehemu moja badala ya tatu. Alama za awali zitolewe kwa sababu iliyoandikwa, hata kama kisio lilikosea, la sivyo wiki ijayo watasubiri tena uandike ubaoni.