Ukienda kliniki ya presha, nenda na namba zako

Nimeandika haya baada ya kumsaidia shangazi yangu kujiandaa na kliniki. Mimi ni muuguzi, na jambo lile lile naliona kila mara: mgonjwa ametoka kubanana kwenye daladala, anapimwa mara moja, namba inasoma juu, dozi inaongezwa. Daktari anaamua kwa kile alicho nacho mezani. Wa kumwongezea ni wewe.

Hatua ya 1: Daftari

Daftari dogo la mistari linatosha. Chora safu za tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo. Programu za simu zipo, ila mimi nasimama na daftari: haliishiwi chaji, na daktari anapitisha macho ukurasa mzima kwa mara moja.

Hatua ya 2: Mashine

Chukua ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono siwashauri watu wanunue, maana ukikosea kidogo tu kuuweka mkono, namba zinayumba. Kabla hujalipa, pima unene wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo, tafuta mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo unapandisha namba.

Hatua ya 3: Kupima

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi nzito. Nenda kajisaidie kwanza. Kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usiipandanishe. Kitanda na mkeka havifai. Tulia dakika 5 bila simu, bila redio ya habari, bila kumjibu mtoto anayeuliza sukari iko wapi. Ukiongea wakati mashine inajaza upepo, namba inapanda.

Mkanda uguse ngozi. Usiufunge juu ya shati, na usikunje mkono wa shati hadi ukabana juu ya mkanda, vua kabisa. Mkono ulale mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi, weka mto chini ya mkono. Kwa shangazi shida ilikuwa hapa: mkono ulikuwa unaning'inia pembeni ya kiti, na mkono ukiwa chini ya moyo mashine inasoma juu kuliko hali halisi.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Baada ya hapo tumia ule uliosoma juu zaidi. Tofauti ikizidi 10 kila ukirudia, mwambie daktari.

Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na chai, kisha jioni. Fanya hivyo siku 7 kabla ya kliniki. Andika zote, hata zile usizozipenda. Ukificha kubwa utapewa dozi isiyokufaa. Namba za siku ya kwanza usizihesabu kwenye wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ni presha ya kupanda, ingawa kliniki mpaka wake ni 140/90.

Ikifika 180/120, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, unahema kwa shida, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au macho yanaona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mjamzito asifuate mwongozo huu: akiona 140/90 aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Dawa zote kwenye mfuko mmoja

Ninaposema zote, ni pamoja na za maumivu na za miti shamba. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na wengi wanameza kwa ajili ya magoti bila kuzitaja kliniki. Famasi wakikukatia vidonge kwa mkasi, jina na tarehe ya kuisha muda hubaki kwenye kipande kingine. Omba waviandike kwenye bahasha. Alama ya 1x2 isikupite: ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku.

Hatua ya 5: Chumba cha daktari

Toa daftari kabla hajaanza kuandika. Sema kero ya dawa kwanza, usiingoje dakika ya mwisho: amlodipini huweza kuvimbisha miguu, enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu, na zipo dawa nyingine za kubadilisha. Kisha uliza, "Daktari, tunataka ishuke hadi ngapi?" Andika jibu lake mbele yake.

Hatua ya 6: Kabla ya kutoka

Hesabu vidonge, linganisha na tarehe ya kurudi. Visipotosha, sema hapo hapo dirishani. Usivikate nusu ili vifike.