Bomba Lisioshewe Mferejini: Dawa za Shambani na Ndege wa Majini

Kazi ya kupulizia imekwisha, mgongo unauma, na chini ya bomba imebaki dawa kidogo. Mfereji uko hatua chache tu. Mkulima anainama, anachota maji, anasukasuka, anamwaga. Anarudia hadi maji yatoke safi. Ni kazi ya dakika tano, nami naiogopa kuliko makosa mengine yote ya siku hiyo, kwa sababu dawa huingia majini moja kwa moja, bila udongo wala nyasi za kuipunguza makali.

Bata, vibisi (ndege wa majini wanaopiga mbizi) na wenzao ndio waliolipa gharama ya sisi kuyajua haya. Mwaka 1949, ziwa la Clear Lake huko California lilitiwa DDD, dawa ya wadudu ya jamii ya DDT, kuua vijidudu vilivyokuwa vikisumbua watu. Kazi hiyo ikarudiwa 1954 na 1957, kwa kipimo cha sehemu moja ya dawa katika sehemu milioni 50 za maji. Nani angeogopa kiasi hicho? Lakini vibisi wakaanza kufa, na mafuta ya miili yao yalipopimwa yakakutwa na DDD hadi sehemu 1,600 katika milioni. Dawa ilikuwa imepanda kutoka kwenye vijimea vya majini hadi kwa samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, kisha ndege, na kila mlaji alijilimbikizia ya wote aliowala. Tangu niyajue hayo, nikimsikia mkulima akisema “nimemwaga kidogo tu,” situlii.

Dawa za jamii ya DDT zimeondolewa mashambani katika nchi nyingi. Marekani iliipiga DDT marufuku mwaka 1972. Nyingi zilizofuata hazikai mwilini muda mrefu hivyo, ila baadhi yake huua upesi. Dawa za wadudu za makundi ya organofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, kwa hiyo misuli haipumziki hata pumzi ikakatika. Mwaka 1984, kwenye kisiwa cha Long Island, New York, mamia ya bata bukini walikufa baada ya kula nyasi za kiwanja cha gofu kilichopuliziwa diazinoni, mojawapo ya organofosfeti. Hakuna aliyemwaga kitu majini. Sumu ilikuwa kwenye majani waliyoyala.

Kuna madhara mengine yasiyoacha mzoga wa kuokota, na hayo ndiyo yanayonihuzunisha zaidi. Mtazame kifaranga wa bata mwenye siku tatu: anazungukazunguka kwenye matete, anadonoa mbu aliyetua juu ya maji, anazamisha mdomo kutafuta funza wa majini. Nafaka na majani atakula sana baadaye. Kwa sasa anahitaji protini ya wadudu ili akue na kuotesha manyoya. Wadudu wakiisha, kifaranga hudhoofika kwa njaa bila kuigusa dawa. Katika ziwa Shinji la Japani, dawa za wadudu za kundi la neonikotinoidi zilianza kutumika kwenye mashamba ya mpunga ya eneo hilo mwaka 1993. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2019 walionyesha kuwa viumbe vidogo vya majini vilipungua ghafla, na samaki wanaovitegemea wakaporomoka kutoka tani 240 za mavuno hadi 22. Samaki na kifaranga wa bata hula kwenye meza moja.

Basi tuanzie kwenye bomba. Changanya dawa mbali na kisima, mfereji na bwawa, mahali ambapo ikimwagika itabaki kwenye udongo. Pima eneo kwanza ili uchanganye dawa ya kutosha tu. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na kila suuzo ulirudishe ndani ya bomba, kisha uitoboe isitumike tena. Maji ya kuoshea bomba yapulizie kwenye zao lilelile ulilolitibu, bila kuzidisha kiwango cha lebo.

Upepo unahitaji akili kidogo. Ukivuma kuelekea majini, ahirisha. Lakini hata alfajiri isiyo na upepo kabisa si salama: matone madogo huelea kwenye hewa iliyotulia na kusafiri mbali yakiwa pamoja. Subiri upepo mwepesi unaotikisa majani kidogo na unaotoka upande wa maji. Tumia nozeli ya matone makubwa, shusha mkono, punguza mgandamizo. Mvua ikiwa njiani, usipulizie.

Acha ukanda wa nyasi kati ya zao na maji, kwa upana usiopungua ule wa lebo. Ukanda huo hushika vizuri dawa zinazogandamana na udongo, kama dawa za wadudu za pairethroidi. Neonikotinoidi huyeyuka majini na kupita na maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo nyasi peke yake hazitoshi kuzizuia. Kwa hizo, kinga ya kweli ni kutozitumia kabla ya kukagua shamba na kuona kwamba wadudu wamefikia kiwango cha kuleta hasara. Kwenye mpunga, funga maji jarubani kwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuyaachia.

Mbegu zilizotiwa dawa hutambulika kwa rangi yake. Tembea kwenye ncha za mistari, mahali mashine inapogeukia, ufukie kila punje iliyobaki juu. Bata mmoja mwenye njaa humaliza rundo dogo kwa muda mfupi.

Ukimkuta ndege anayumba, mabawa yamelegea, anatokwa mate, usimshike kwa mikono mitupu, usimle, wala usimpe mbwa. Andika dawa iliyotumika karibu na siku iliyotumika, kisha umwite ofisa wa wanyamapori au wa mifugo siku hiyohiyo, kwa kuwa mzoga ukioza vipimo huwa vigumu kusomeka.