Umeshafungua APK uliyotumiwa WhatsApp? Itoe hivi

Mkulima wa Newala au Tandahimba anayesubiri malipo ya korosho akitumiwa WhatsApp faili la APK (faili la kusakinisha programu ya Android) linalodai kuonyesha bei za mnada, asilifungue. Faili hilo halijapitia Play Store. Likiomba kusoma SMS, aliyelitengeneza anaweza kupata namba za uthibitisho za benki. Likiomba huduma za ufikivu (Accessibility, msaada kwa wenye ulemavu) ni hatari zaidi: linaweza kuona kilichopo kwenye kioo na kubonyeza vitufe badala yako.

Kama limeshaingia, washa hali ya ndege kwanza. Toa laini, iweke kwenye kitochi, ubadilishe PIN ya pesa za simu huko huko. Usiibadilishie kwenye simu iliyoambukizwa, kwa sababu PIN mpya nayo inaweza kuonekana.

Kisha iwashe simu katika hali salama (Safe Mode). Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuzimia, halafu unashikilia neno la kuzima mpaka uulizwe kama unataka hali salama. Hapo programu ulizopakua hazifanyi kazi.

Kitufe cha kufuta kikigoma, huenda programu imepata usimamizi wa kifaa (Device admin). Wengi hukata tamaa hapa, na si lazima. Ingia Mipangilio, sehemu ya Usalama, iondolee usimamizi, izimie na ufikivu, ndipo uifute. Angalia hata programu zisizo na ikoni.

Mwisho, ifungie WhatsApp ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, kisha ukague simu kwa Play Protect, kikaguzi cha usalama kilichomo Play Store. Programu hiyo ikirudi tena, hifadhi picha na urejeshe simu kama ilivyotoka kiwandani.