Chanjo ya kideri inafia ndani ya ndoo

Bibi mmoja wa Mtongwe, hapa Mombasa, alinipigia simu asubuhi mapema, sauti imekauka. Nilipofika kwake, katika kuku 38 wa kienyeji walikuwa wamebaki 12. Jogoo mmoja alisimama kando ya banda, shingo imepinda hata kichwa kinatazama mgongoni, mavi ya kijani yamegandia manyoya ya nyuma. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni ugonjwa gani: ni kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle.

“Mwanangu, mimi nilichanja,” aliniambia. “Chupa yake hii hapa.”

Nikamwomba anieleze alivyochanja. Alichota maji ya mfereji akajaza ndoo ya lita 20, akafungua chupa ya dozi 100, akaimimina, akakoroga kwa mwiko, akaiacha ndoo chini ya mwembe. Kuku wakanywa wakipita, mmoja mmoja, mpaka magharibi. Yaliyobaki akawawekea tena kesho yake, kwa kuwa hakutaka pesa yake ipotee bure. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia kwamba dukani aliuziwa chanjo ya uongo.

Chanjo ilikuwa ya kweli. Ilikufa ndani ya ndoo, na nimeikuta ndoo hiyo hiyo Likoni, Kisauni, Jomvu na Mikindani mara nyingi mno, ndiyo sababu naandika.

Shikeni jambo hili moja: chanjo ya kideri tunayowapa kuku kwa maji, kama Lasota, ni kirusi hai kisicho kikali. Lazima kimfikie kuku kikiwa hai ndipo mwili wake ujifunze kupambana na kile kikali. Kikifa njiani, umewanywesha kuku maji matupu. Na maji ya mfereji tunayoletewa kutoka vyanzo vya Mzima, Baricho na Marere hutiwa klorini ili yaue vijidudu visitudhuru sisi. Klorini haichagui: itaua vijidudu vya kipindupindu, na itaua chanjo yako pia. Wenye visima nao wasijione wamesalimika, maana wengi humwaga dawa ya maji kisimani kila mvua ya masika inapokwisha. Maji ya mkokoteni usiyajue yametoka wapi, yahesabu kuwa yana klorini.

Dawa ya jambo hili iko dukani kwa mpemba wa mtaani: unga wa maziwa yasiyo na mafuta. Gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita ya maji, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Si cha kufurika, na si maziwa ya chai yenye mafuta, kwani mafuta huganda kwenye vyombo. Koroga hadi yayeyuke, kisha ngoja dakika 30 kamili kabla ya kutia chanjo. Katika nusu saa hiyo ndipo maziwa yanapoifunga klorini. Kuna wanaotia maziwa na chanjo kwa pamoja kisha wananiambia walifuata maagizo. Hamkufuata. Mliipa klorini nusu saa ya kuua.

Sasa kipimo cha maji, ambako ndoo ya lita 20 inawaponza wengi. Kanuni ni mililita moja kwa kila kuku kwa kila siku ya umri wake, na ukifika mililita 40 usizidishe. Vifaranga 100 wa siku 7 watatosheka na mililita 700, chini ya chupa moja ya maji ya lita. Wakiwa na siku 21, lita 2 na kidogo. Kuku wakubwa 100, lita 4. Yule bibi wa Mtongwe, kwa kuku wake 38, alihitaji lita moja na nusu tu! Kwenye lita 20 chanjo inakuwa nyepesi, kila kuku anapata tone la dozi, na maji yanakaa siku nzima yakipata joto la Mombasa. Chanjo ikishachanganywa ina saa 2 za kuishi. Baada ya hapo ni maji ya maziwa yaliyochacha.

Ili kuku wote wanywe ndani ya saa hizo 2, lazima wawe na kiu. Msiwanyime maji mchana. Kwa joto letu la kaskazi mtawaua kabla kideri hakijafika. Tumieni usiku. Kuku wakishapanda kulala baada ya magharibi, ondoeni vyombo vyote vya maji, na hata ile sufuria ya kuoshea vyombo iliyo nyuma ya jiko, maana kuku wa kienyeji anajua maji yote ya uani. Saa kumi na mbili asubuhi changanya maji na maziwa, saa kumi na mbili na nusu tia chanjo uwape kabla hujawafungulia, saa mbili na nusu ondoa. Kilichobaki mwaga shimoni mbali na kuku, ufukie, na chupa uichome.

Siku moja kabla, osheni vyombo kwa maji matupu na msasa wa nyuzi za nazi. Msitie sabuni wala jiki. Najua mkono umezoea, lakini mabaki ya jiki kwenye sahani ya kunyweshea yanaua chanjo kuliko hata maji ya mfereji. Tumieni vyombo vya plastiki, viwe vingi vya kutosha ili theluthi mbili ya kuku waweze kunywa kwa pamoja. Chombo kikiwa kimoja, majogoo watakifunika na vifaranga wataambulia patupu. Siku hiyo, siku moja kabla na siku moja baada, msitie dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye maji.

Chupa yenyewe ifunguliwe ikiwa imezamishwa ndani ya yale maji ya maziwa, ili hewa isivutwe ndani kwa nguvu. Isuuze mara mbili tatu.

Kabla ya ndoo kuna safari. Lasota huishi kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mtu anainunua Kongowea, anaitia mfukoni, anapanda matatu, anasimama foleni ya feri pale Likoni saa saba mchana, kisha anafika nyumbani anaiweka dirishani mpaka kesho asubuhi. Jamani! Nendeni agroveti, duka la dawa za mifugo, na chupa ya chai ya kuhifadhi moto yenye vipande vya barafu ndani, na chupa ya chanjo muifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mwenye duka akiitoa chanjo rafuni badala ya kwenye friji, mrudishieni. Nyumbani ikae kwenye friji rafu ya katikati. Mlango wa friji hufunguliwa kila mara na joto huingia. Ipo chanjo aina ya I-2 inayovumilia joto kidogo, nayo inawafaa walio mbali na umeme, lakini uvumilivu wake una mwisho, na hata yenyewe haipendi jua wala klorini.

Kwa wenye kuku chini ya 50, mimi naona muache habari ya maji kabisa. Chanjeni kwa tone la jicho, kwa maji maalumu na kitoneshi vinavyouzwa pamoja na chanjo. Tone moja, jicho moja, kwa kila kuku, awe kifaranga au koo. Mshike kichwa kiwe ubavu, tonesha bila ncha kugusa jicho, usimwachie mpaka apepese. Hapo unajua kwa yakini nani amepata. Chupa ya dozi 100 ni kubwa kwa kuku 30, kwa hiyo majirani watatu wachange, wachanje asubuhi moja, chupa ikitembea ndani ya barafu. Kila mmoja awashike kuku wake mwenyewe, na anayetoka boma moja kwenda jingine anawe mikono na kuacha viatu mlangoni.

Kuku wanaoumwa wasichanjwe. Kideri hakina dawa tangu kilipotambuliwa mwaka 1926, na chanjo si tiba. Humchukua kuku mzima kama wiki 2 kupata kinga ya kutosha. Ukisubiri mpaka usikie kuku wanakufa mtaa wa pili, umechelewa. Changanya hesabu yako na kalenda ya nyumbani: wiki 3 au 4 kabla ya Idi na kabla ya Krismasi, kuku wa kila namna wanapoanza kuhamishwa na kununuliwa huku na huko, chanjo iwe imekwisha kufanya kazi.

Vifaranga: siku ya 7, wiki ya 3 hadi ya 4, wiki ya 8, kisha kila baada ya miezi 3 maisha yao yote. Wakipiga chafya kidogo siku ya 3 au ya 4 baada ya kuchanjwa kisha wakaacha, chanjo imeshika.

Yule bibi nilimwachia karatasi yenye vipimo hivi. Kuku wapya asilete kwanza. Banda likae tupu wiki 4, matandazo ya zamani yachomwe, na sakafu ipigwe chokaa. Siku ya kuchanja ataandika tarehe kwa makaa juu ya mlango wa banda, na chini yake tarehe ya miezi 3 mbele.