Kuizuia beberini isinywe unyevu kwa kubadilisha chumvi yake

Beberini, dawa ya manjano itokayo kwenye mimea, kwa kawaida huuzwa ikiwa chumvi ya kloraidi, na fuwele zake hunywa maji kutoka hewani. Kutegemea unyevu wa chumba, kila molekuli ya dawa hushika molekuli mbili au nne za maji. Ikiwa mbili, maji ni asilimia 8.8 ya uzito. Ikiwa nne, asilimia 16.2. Ukiupima unga huo ukidhani ni mkavu, dozi imeshapungua mizanini. Kwa hiyo anza kwa kupima maji, kwa njia ya Karl Fischer (kipimo cha kikemikali cha kiasi cha maji) au kwa kuupasha moto na kuangalia uzito unaopotea.

Dawa nyingine hubadilishwa chumvi kwa njia rahisi: kwinini, kwa mfano, ina nitrojeni inayopokea protoni, hivyo huongezewa tu asidi ambayo pKa yake (kipimo cha nguvu ya asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) iko chini ya ile ya besi kwa angalau 3. Nitrojeni ya beberini ina chaji chanya ya kudumu, hivyo haipokei protoni. Kazi hapa ni kubadilishana ioni hasi, yaani kuitoa kloraidi na kuweka nyingine mahali pake. Kloraidi ni ndogo na huvuta maji. Jaribu salisileti, ambayo ni kubwa na ina pete bapa inayoweza kulaliana na pete za beberini. Sitreti si chaguo zuri la kuanzia: vikundi vyake vinavyobaki huru navyo hushika maji.

Yeyusha milimoli 10 za beberini kloraidi (gramu 3.72 ikiwa kavu, 4.08 ikiwa na molekuli mbili za maji) katika maji ya nyuzi 80, ukiyaongeza kidogo kidogo mpaka isionekane chembe. Kando, yeyusha gramu 1.76 za sodiamu salisileti katika maji moto mililita 10. Mimina polepole huku ukikoroga, kisha acha ipoe yenyewe. Ukiitia kwenye barafu inaweza kutoka kama mafuta, au unga usio na mpangilio wa fuwele, ambao kwa kawaida hunywa maji zaidi. Yakitoka mafuta, pasha tena, ongeza ethanoli kidogo, poza taratibu.

Chuja, osha kwa maji baridi, na usiharakishe hapa. Chumvi ya kawaida (sodiamu kloraidi) inayozaliwa kwenye mabadilishano haya ikibaki huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, nawe utailaumu salisileti bure. Chukua kidogo maji yaliyotoka baada ya kuosha, uyatie asidi ya nitriki kidogo, kisha tone la silva naitreti: yakiwa meupe kama maziwa, osha tena. Kausha kwa nyuzi 40 ndani ya ombwe.

Weka sampuli kwenye chombo kilichofungwa juu ya myeyusho ulioshiba wa chumvi ya kawaida (asilimia 75 kwa nyuzi 25), na nyingine juu ya potasiamu kloraidi (asilimia 84). Pima kila siku mpaka uzito utulie. Uzito usipoongezeka, usishangilie bado: fuwele zilizozaliwa majini huenda zimeshashiba maji tangu mwanzo. Rudia Karl Fischer, na linganisha picha za eksirei za unga, zinazoonyesha mpangilio wa fuwele, kabla na baada.

Mwisho, koroga unga katika asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), mfano wa asidi ya tumboni, na uchunguze kinachobaki bila kuyeyuka. Kloraidi iliyojaa humo inaweza kuirudisha beberini kwenye chumvi ile ile uliyoikimbia.